Barua Niliyomkabidhi Mtu wa Petroli

Nilipohamishiwa Butembo kufundisha jiografia, mke wangu na watoto walibaki kwetu Kananga. Nyumba niliyopanga ilikuwa kimya kiasi kwamba nilianza kusahihisha madaftari kwa sauti. Kwa hiyo wakulima wa viazi wa Masereka waliponiomba niwaeleze kwa nini mvua imeharibika, nilipanda kwao kila Jumamosi. Kinande, lugha yao, sikijui. Walinielewa kwa Kiswahili changu cha Kikasai, wakakicheka, wakanipa viazi vya kuchoma.

Niliwaeleza polepole, maana si jambo gumu. Petroli na makaa ya mawe yakichomwa, hewa chafu hubaki juu na kuzuia joto lisitoke, na joto hilo huvuruga mvua. Mataifa hukutana kila mwaka kutafuta namna ya kuacha kuyachoma. Wakaniambia, basi, tuandikie barua. Kilima kilikuwa kimeporomoka na mashamba yao. Waliomba visima vipya vya mafuta visichimbwe, na barua yao isomwe huko mataifa yanakokutana.

Niliipeleka Beni, kwenye mkutano wa kuwaandaa wajumbe wa nchi watakaokwenda huko. Mlangoni, bwana mmoja mwenye kadi ya bendera yetu shingoni alisikia lafudhi yangu.

"Moyo, muanetu," alinisalimu, yaani hujambo, ndugu yetu.

Kitshiluba! Miezi mingi hakuna aliyenisalimu kwa lugha ya mama yangu. Tukaongea kuhusu mihogo ya kwetu, tukacheka. Nilimkabidhi barua kabla hajaiomba.

Alipokwisha kuondoka, nilimwuliza karani wa mkutano yule bwana ni wa wizara gani.

"Ule? Ule ni wa société ya pétrole, prof. Serikali ilimupa nafasi mu délégation. Si siye tu, inchi mingi inafanya vile."

Nilikimbilia nje. Gari lake lilikuwa limekwenda uwanja wa ndege.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Masereka, nikakiri kila kitu. Nikawaeleza pia nilichojifunza: watu wa makampuni ya mafuta huingia katika mazungumzo hayo wakiwa na kadi za mataifa. Hawapigi kura, lakini hukaa pale maneno yanapochaguliwa, na neno "kuacha" likiwa mezani, huomba liandikwe "kupunguza."

Mama aliyekuwa rais wa kikundi cha wakulima alisikiliza mpaka mwisho.

"Njo kusema, mwalimu, mwenye mbuzi yenye ilikula maharage aliikala pamoja na bale banakata maneno?"

"Ndiyo, mama. Alikaa nao."

"Na hakuna mutu alimwambia, tata, toka inje kwanza?"

"Hapana."

"Na mbuzi?" mzee mmoja akadakia. "Yeye pia walimupa kiti?"

Wakacheka mpaka wakakohoa. Katika kikundi kile, mbuzi akila maharage ya jirani, mwenye mbuzi husikilizwa mpaka amalize, kisha hutoka nje. Wanaoamua hubaki bila yeye, hata kama ni mkwe wa mwenye nyumba.

Kicheko kilipokwisha, mama alinigeukia. "Na weye toka kwanza. Hii neno iko juu yako."

Nilisimama nje katika ukungu, mikono kwapani. Ndani waliongea Kinande. Mara walipaza sauti, mara walinyamaza, na mara moja walicheka; sikujua kama walinicheka mimi. Nilifikiri kumpigia mke wangu simu, lakini huko juu mtandao haupatikani. Nilitamani waniite, hata kunitukana.

Wakaniita.

"Barua itaandikwa ingine," mama alisema. "Weye utaandika, mukono yako iko muzuri. Lakini kubeba, ni miye. Donc utanifundisha kusoma ile maneno yote, nisitetemeke mbele ya bale bakubwa."

"Nitakufundisha, mama. Utaweza kabisa."

Nilimaanisha. Niliandika mpaka mkono ukafa ganzi, na mara hii waliongeza ombi moja: wauza mafuta wakishasikilizwa, watoke nje. Kisha wino ukaletwa, kila mwenye shamba akabandika kidole gumba. Mimi nami nikanyoosha changu. Mama akakishika taratibu.

"Weye hapana, mwalimu. Hauna shamba huku."

Hakusema kwa ubaya, na ilikuwa kweli. Nikashika kona za karatasi isipeperuke, mpaka wa mwisho akamaliza.