Alimfanya Mama Yangu Mchawi kwa Simu Yangu Mwenyewe

Admin, nifiche jina, maana Voi ni ndogo na kwetu Werugha ni kudogo zaidi. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, sijaolewa, nafanya kazi saluni hapa Voi. Wikendi nilikuwa mshika kamera wa kikundi chetu cha filamu fupi. Nasema kamera lakini ni simu yangu, niliyoinunua kwa jasho langu, na stendi tuliyofunga kwa kamba. Mwenye kuongoza na kuedit ni jamaa nitakayemwita Deno. Tumesoma naye, amekula kwetu tangu hajaota ndevu.

Mwezi wa nne tulipanda kwetu kupiga filamu ya mtoto anayeugua. Mimi na Deno tukakosana mbele ya mama kuhusu nani atacheza nini, tukanuniana. Mama hapendi watu wafanye kazi na kinyongo. Akatuita uani, akachukua maji kwenye kibuyu, akatutasia. Kwa asiyejua, kutasa ni desturi yetu Wadawida ya tangu mababu. Unajaza maji mdomoni, unayapuliza nje, unasema maneno ya heri ili hasira itoke moyoni. Mama ni wa kanisani kabisa lakini hilo hajaliacha. Alipuliza akasema, "Hasira itoke, Deno mwanangu, kazi ya mikono yako ibarikiwe." Simu ilikuwa kwenye stendi inarekodi. Huwa siizimi kati ya onyesho na onyesho, kwa sababu ukiigusa inatikisika.

Nikamtumia Deno klipu alizotaka, na hiyo ikiwemo. Filamu ilipotoka niliiona na watu wengine wote, nikiwa namsuka mteja. Alikuwa ameondoa sauti ya mama, ameweka ngoma na kicheko cha kutisha, ametia rangi nyekundu. Mama anapuliza maji, mtoto anaanguka na kutetemeka. Mama yangu! Jamani, baraka aliyopewa yeye mwenyewe ndiyo alichukua akaigeuza uchawi!

Nilimfuata siku hiyo hiyo. Akacheka. "Wewe nawe, hiyo ni sanaa. Mamako ni staa sasa." Nikamwambia afute. "Nifute na views zinapanda hivi? Acha ushamba."

Basi sikilizeni ushamba wenyewe. Mama huuza maziwa. Majirani waliacha kutuma watoto, mmoja mmoja. Halafu kukawa na msiba hapo juu, mama akaenda kusaidia kupika kama alivyofanya miaka yote. Mwenyekiti wa akina mama akamwambia, "Mama, wewe pumzika tu leo." Akaomba basi agawe chai. Akagawa. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu vikombe vimepangwa kwenye nyasi, vimejaa, chai imefanya utando. Mama alivikusanya mwenyewe, akavimwaga nyuma ya jiko, akaviosha. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na tangu siku hiyo nikilala nikiamka namwaza Deno.

Mungu si Athumani. Deno alisahau kwamba simu ni yangu na klipu ambazo hakutaka ninazo zote. Juzi nilikuwa napekua nikampata kwenye klipu ya siku ile ile ya Werugha, akingoja jua litoke. Amevuta mkono ndani ya shati, anamwigiza baba ya mchumba wake Wakio, mzee wa Mwatate aliyekatwa mkono na mashine ya mkonge. Anapunga shati tupu, "Karibu mwanangu, karibu," wenzake wanavunjika mbavu. Kisha anasema wazi, uso kwa kamera, "Wakio mwenyewe ni hivi hivi tu, lakini mzee ana ploti. Nikishaoa, huyo kigutu atanitambua."

Jumamosi hii Deno anapeleka wazee kwa kina Wakio, posa. Namba ya baba yake Wakio ninayo. Sitaweka ngoma, sitaweka rangi. Nitaituma ilivyo, wazee wakiwa wamekaa, soda zimefunguliwa. Nataka aone vile inakuwa watu wakikuangalia na kikombe chako hawakigusi.

Kinachonikwamisha ni Wakio. Jina nimembadilishia, lakini msichana mwenyewe ni mtu. Baada ya ule msiba alipanda Werugha peke yake, akakaa barazani kwetu mchana kweupe, akanywa chai ya mama vikombe viwili majirani wakiona. Aliomba msamaha kwa kosa ambalo si lake. Nikituma, wa kwanza kuumia ni yeye, na yule mzee ataonyeshwa ulemavu wake mbele ya wageni. Nisipotuma, ataolewa na huyo nyoka. Naweza kumwita kando nimwonyeshe yeye peke yake, najua. Lakini semeni ukweli, hapo Deno atakuwa ameaibika mbele ya nani? Mama yangu aliaibishwa mbele ya dunia.

Jana nilipanda nyumbani. Mama akanikuta naiangalia, akaitambua sauti ya Deno, akasikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atafurahi. Akaingia ndani, akatoka na kile kibuyu, akanimiminia maji kwenye kikombe.

"Tasa, mwanangu. Hiyo hasira itakula wewe kabla haijamla yeye."

"Mama, baada ya yote aliyokufanyia?"

"Mimi nilishatasa kitambo. Umebaki wewe."

Nikayatia mdomoni. Akasimama mbele yangu akingoja nipulize. Nilimwangalia usoni, nikamwona akimwaga ile chai nyuma ya jiko.

Nikayameza.

Mama alichukua kikombe akaingia ndani, na tangu jana hajapokea simu yangu. Ninyi mlioitazama ile filamu mkacheka, sasa ni zamu yenu kunisaidia. Jumamosi ni keshokutwa. Nifanye nini?