Mkungu Uliogoma Kuiva Kibosho

Bernadetha Massawe ana miaka hamsini na mmoja. Kila asubuhi hushuka kutoka Kibosho hadi maabara moja binafsi ya Shirimatunda, ambako huosha vyombo na kuchemsha mabaki. Maabara hiyo hutengeneza bakteria wa kuchelewesha ndizi kuiva, ili zifike masoko ya mbali zikiwa bado kijani. Bakteria hao hubuniwa na mfumo wa akili mnemba, huchanganywa na mikono ya roboti, kisha hukuzwa katika uji wa ndizi, aina mia nne kwa wiki. Hakuna mtu pale aliyezisoma zote.

Uji ukichujwa hubaki machicha. Kanuni inataka yafukiwe shimoni. Bernadetha alikulia katika nyumba ambayo hata ganda la ndizi lina mwenyewe, naye ni ng'ombe wa zizini. Kwa hiyo kila siku aliyachemsha, kisha akayabeba nyumbani kwa ndoo.

"Ng'ombe wako anakula sayansi, mama," alimtania Calvin, fundi wa mitambo.

"Ndiyo maana anamshinda wa baba yako kwa maziwa."

Mwezi Machi mfumo huo ulipunguza muda wa kuchemsha, dakika arobaini zikawa kumi na mbili. Skrini iliandika "inatosha". Calvin aliidhinisha bila kuuliza, Bernadetha akafuata skrini. Machicha yakaenda kwa ng'ombe, samadi ikaenda kihambani, shamba la ukoo lililozunguka nyumba, kwenye migomba aliyoachiwa na marehemu mumewe, ambaye kaburi lake limo humo humo.

Julai alikata mkungu wa ndizi za kutengenezea mbege, pombe ya kienyeji, akaupandisha darini uive. Siku ya kumi ulikuwa kijani. Siku ya ishirini na tano ulikuwa mgumu kama siku ulipokatwa. Wa pili ukawa vile vile, na wa tatu.

Bernadetha mwenyewe alimweleza Calvin. Calvin akauliza mfumo ni aina ipi ya bakteria iliyotoka ikiwa hai. Ulijibu kwamba hakuna hitilafu iliyorekodiwa.

"Mtaikata migomba?" Bernadetha aliuliza.

"Yote, mama. Na udongo utachimbwa."

"Mume wangu yumo humo."

Calvin alichukua kalamu. "Kuna kitu kimetoka kihambani tangu Machi?"

"Machipukizi kumi na mawili ya migomba. Nilimpa jirani yangu Monica, akayauza Tarakea, kule mpakani, Jumamosi."

Calvin aliweka kalamu chini. "Aliwauzia akina nani?"

"Ni sokoni, baba. Nani anamuuliza mnunuzi jina?"