Gemu Ndani ya Eda

Marehemu mume wangu hakuwa mtu wa zawadi. Alikuwa mtu wa biashara, na biashara ilipofunguliwa, ile miaka ya ruksa, aliifuata mpaka Dubai, akawa anarudi na mabegi ya nguo, redio na saa. Safari ya mwisho akaja na gemu: kisanduku cheupe, pedi mbili na kaseti ya njano. Nasikia ilikuwa nakala ya mashine ya Wajapani, lakini nani mtaani kwetu Utemini angejua tofauti? Bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni. TV yetu ilikuwa ya kuangalizia deki ya video tu. Mwanangu, wakati huo wa miaka saba, akawa bosi wa watoto wote wa mtaa.

Mume wangu akafa kwa ajali ya lori upande wa Manyoni. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, nje sitoki. Mama yangu akaja kutoka Ikungi kukaa nami. Mtoto akaacha kuongea. Hata kulia hakulia. Chakula anakichokonoa, ukimwuliza kitu anakuangalia tu. Kilichomfungua mdomo ni lile gemu. Jioni tukishafunga mlango tunacheza ile ya vifaru vya vita, yeye cha njano, mimi cha kijani, sauti tumezima kabisa, maana mjane kucheza gemu, loo, mtaa mzima ungenitafuna. "Mama, linda kule," ananiambia. Nalinda. Raha sikuwa nayo. Nilitaka tu kumsikia mwanangu akiongea.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alishachukua funguo za duka la mume wangu hata arobaini haijafika. Siku moja akaja na kijana wa mkokoteni, akasema TV ni mali ya duka, si ya nyumba. Nikamwambia mirathi bado, tumsubiri shehe atugawie. Akanijibu kwa upole, na yule mtu upole wake ndio sumu yenyewe: "Shemeji, wewe uko kwenye eda. Usijisumbue na mambo ya dunia." Wakaibeba. Gemu likabaki sakafuni na waya zake, halina pa kuchomekwa.

Mtoto akanyamaza tena. Baada ya siku chache shemeji akasimama mlangoni, akamwita: "Mwanangu, chukua gemu lako, njoo ucheze kwangu." Nililiona jambo lote pale pale, wallahi: mwenye kumshika mtoto ndiye atakayeshika na fungu lake la mirathi. Lakini mtoto alikuwa ameshacheka, mara ya kwanza tangu baba yake azikwe. Ningemnyang'anya kicheko?

Ikawa jioni kwa jioni. Kisha akawa analala huko kila Ijumaa. Kisha nguo zake zikaja kuchukuliwa, eti apate za kubadilisha. Nikamtuma mama akamlete. Akaambiwa mtoto amelala, na jua bado liko juu. Nikajifunga khanga niende mwenyewe. Mama akanishika mkono, akaniambia kwa Kinyaturu nikae chini, nikitoka tu wamenipata: watasema nimevunja eda, sifai kulea. Nikakaa. Nyumba ya shemeji ilikuwa mtaa wa pili. Upepo ukivuma kutoka upande ule nilisikia kelele za watoto wakicheza, nisijue sauti ipi ni ya wangu. Niliwachukia watu wazima wa nyumba ile. Mpaka leo nawachukia, siwezi kusema uongo kwa sababu tu nimezeeka.

Siku ya kutoka eda nilioga, nikavaa, nikaenda moja kwa moja. Mke wa shemeji akanipokea vizuri tu, akaniwekea kiti na chai. Mwanangu alikuwa mkekani mbele ya TV pamoja na watoto wa pale, pedi mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo. Akaniamkia kama anavyoamkiwa mgeni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Inuka, twende nyumbani."

"Nyumbani hakuna TV."

"Nitanunua," nikasema, na sikujua nitainunua na nini, duka lenyewe limeshakwenda kwa shemeji.

Akafikiri, macho hayatoki kwenye kioo. "Haya. Ukishanunua nitakuja kukutembelea."