Siku Nilipompandisha Mkwe Wangu Paani

Kilichonitia wivu ni kicheko. Jirani yangu ana nyumba kubwa kuliko yangu na malori mawili yanayovuka mpaka kila wiki, na hayo nilikwisha kuyazoea. Lakini Jumamosi moja asubuhi, nikiwa upande wangu wa ua, nilimsikia mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, akicheka barazani kwa huyo jirani. Alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimemjua kwa miaka sita, na sikuwahi kujua kwamba ana kicheko cha namna ile.

Kazi ya mkwe wangu ni kufunga intaneti na televisheni majumbani. Ofisi yao iko Tororo. Yeye na binti yangu wanakaa Mukuju, na kutoka huko hupita kwa pikipiki, ngazi ya kukunja ikiwa imefungwa ubavuni, hadi Busia mjini na huku kwetu Sikuda. Antena nyingi nyeupe zinazoonekana juu ya mabati katika njia yetu alizipandisha yeye. Jirani alikuwa na yake. Mwalimu mkuu alikuwa na yake. Mimi niliyepokea ng'ombe wa mahari wa kijana huyo nilikuwa bado na dishi lililoota kutu, na kimodemu chenye laini ya upande wa Kenya ambacho hakikushika mtandao mpaka ukiweke kwenye dirisha la mashariki.

Sababu yake kila mtu wa kwetu anaijua. Mkwe hapandi juu ya nyumba ya mama mkwe wake. Hata macho haitakiwi ayainue kulitazama paa, kwa sababu chini ya paa hilo ndipo mama huyo analala. Anapokuja kututembelea, mke wangu humsalimu kwa mbali, uso umegeukia pembeni, kisha hukaa jikoni mpaka mgeni aondoke. Mimi ndiye ninayebaki naye sebuleni. Hukalia ukingo wa kiti kama mtu aliyeitwa na hakimu. Nikiuliza habari za watoto, "Wazima, baba." Nikiuliza kazi, "Inaendelea, baba." Kisha tunatazama mlango.

Kwa jirani alinyoosha miguu. Niliona mwenyewe kati ya matawi ya minyaa ya ua wetu, nikijifanya nayapogoa. Alikuwa na kaimati mkononi na alimwita yule mzee "bosi wangu".

Jirani akaniona. Yeye ni mtu wa mjini, wa ukoo wa wasafirishaji, na mdomo wake haujui kupumzika.

"Mzee mwenzangu! Huo ua utaumaliza. Minyaa imekukosea nini?"

"Nausafisha tu."

"Njoo unywe chai basi. Mkwe wako anatusimulia habari za mbuzi aliyetafuna waya wa padri, ibada yote ikakatika."

"Nina kazi," nikasema, nikakata tawi lingine lisilo na kosa.

Kuanzia siku ile nikaanza kutega sikio. Nikijua kwamba pikipiki yake iko pale, niliacha chakula nikarudi kwenye minyaa. Nilijiambia kwamba nikihamia kampuni yake, nikichukua intaneti, simu ya nyumbani na televisheni kwa pamoja, atalazimika kuja kwangu na kukaa saa nyingi. Mtu akifanya kazi nyumbani mwako huzoea. Angeomba maji, angeketi sakafuni kati ya nyaya zake, angenisimulia na mimi habari za mbuzi.

Nikapiga simu kampuni ya zamani kuomba kujitoa. Dada aliyepokea alikuwa na adabu sana.

"Mzee wetu, umekaa nasi miaka mingi. Tumekukosea wapi?"

"Picha inaganda mvua ikinyesha."

"Tunaweza kumtuma fundi leo leo."

"Hata isiponyesha inaganda," nikasema. Ulikuwa uongo. Ningemwambiaje kwamba namwacha kwa ajili ya kicheko cha mtu?

Mkwe alipopata habari akaniambia kwenye simu, "Sawa, baba. Tutakuja wawili. Mwenzangu atapanda, mimi nitashughulika na kazi ya chini." Alikuwa amefikiria kila kitu. Jumanne fundi wa kampuni ya zamani akaja kuliteremsha dishi na kuondoka na vifaa vyake. Jumatano nikavaa shati la kanisani nikangoja.

Mkwe akaja peke yake. Mwenzake alikuwa ameitwa Tororo kwenye ghala moja ambalo mtandao wake ulikuwa umekatika, na hangerudi siku hiyo. Mkwe alisimama uani, macho yake kwenye vidole vya miguu yangu.

"Baba, naomba tungoje mpaka kesho. Au nikachukue mlingoti, niusimamishe hapa uani. Utafanya kazi vilevile."

"Mlingoti ni wa shule na polisi," nikasema. "Mimi sina bendera."

Nilisema hivyo kwa mzaha, nikitumaini kwamba atacheka. Hakucheka. Na hapo hapo kichwa cha jirani kikatokeza juu ya ua.

"Mkwe wetu! Ukimaliza huko usinipite, mama wa huku kwangu amekwisha kukaanga kaimati!"

"Asante, bosi wangu," kijana akajibu, na uso wake ukafunguka. Kwangu ulikuwa umefungwa, na kwa neno moja la yule mzee ukafunguka.

Nimejiuliza mara nyingi kama jambo lile lingetokea iwapo jirani asingetokeza kichwa. Ni swali la kujitafutia kisingizio. Maneno yalikuwa yangu.

"Kwake ulipanda," nikasema.

"Yeye si mkwe wangu, baba."

"Ndiyo maana unacheka naye."

Akageuza uso kuelekea pikipiki yake.

"Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne," nikaendelea. "Nimeandika makaratasi ya malori pale mpakani miaka thelathini. Mambo ya paa ni ya watu wasiosoma. Panda."

"Baba, mama yuko jikoni."

"Panda! Au binti yangu aliolewa na mtu asiyeweza kunisaidia kitu?"

Sauti yangu ilikuwa juu. Jirani alishusha kichwa chake taratibu nyuma ya minyaa. Mkwe wangu alivua viatu, akavipanga vizuri chini ya ngazi, akapanda.

Mke wangu alitoka jikoni kwa zile kelele, birika la maji ya kunawa mkononi. Akaona viatu. Akafuata ngazi kwa macho, akaona nyayo za mume wa binti yake juu ya mabati, upande wa chumba chetu cha kulala. Aliweka birika chini, akajifunika leso kichwani, akaenda kukaa nyuma ya jiko, uso ukutani. Kule juu nyundo ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Kazi yake ilikuwa nzuri. Televisheni iling'aa, simu ikalia vizuri, intaneti ikaja ya kasi ambayo sikuwahi kuiona. Alinieleza namba ya siri akitazama sakafu. Hakunywa chai. Alipotoka hakupita kwa jirani pia, nami, Mungu anisamehe, nililifurahia hilo.

Mke wangu alingoja mpaka mlio wa pikipiki ukapotea.

"Umemvua nguo mtoto wa watu mbele yangu," akasema. Kisha akahamishia mkeka wake jikoni, akakataa kulala chini ya lile paa.

Siku ya tatu kaka zake watatu walifika kutoka Sop Sop, na mkwe naye akaitwa. Tulikaa sebuleni, televisheni imezimwa. Kaka mkubwa, mtu wa maneno machache, akauliza, "Ilikuwaje mkwe akawa juu ya nyumba ya dada yetu? Nani alimpandisha?"

Hapo ndipo lilipotokea kosa langu kubwa. Paani nilimpandisha kwa hasira, na hasira ni kitu cha dakika. Lakini pale sebuleni nilikuwa na akili zangu zote. Nilifungua mdomo, nikafikiria mashemeji zangu watasema nini kuhusu mzee aliyesoma, nikaufunga.

"Nilipanda mwenyewe, wazee wangu," mkwe akasema. "Nilikuwa na haraka ya kazi. Nimekosa."

Akatozwa kondoo. Akamleta kutoka Mukuju siku iliyofuata, akachinjwa, nyumba ikatakaswa, mke wangu akarudi chumbani. Wote tukala. Mimi pia nilikula.

Binti yangu hakunipigia simu mwezi mzima. Simu mpya ilikaa pale mezani kimya, na mumewe akawa mtu wa kutuma mtu mwingine kila kulipokuwa na shida ya mtandao. Niliishi na mke aliyenipa chakula na salamu tu, hata jioni moja nikajitetea kwamba anamsikitikia yule kijana bila kujua habari yote.

"Habari ipi?" akasema. "Siku ile nilikuwa jikoni, sikuwa kaburini. Nilisikia ulivyomfokea. Nangoja uwaambie kaka zangu mwenyewe."

Nilikaa siku mbili zaidi na aibu yangu. Kisha nikampigia kaka mkubwa nikamweleza, mke wangu akiwa amesimama mlangoni akisikiliza. Nilitegemea matusi. Badala yake akasema, "Tulijua, shemeji. Hakuna mkwe anayepanda mwenyewe. Tulikuwa tunakutazama wewe." Akanitajia faini yangu, kondoo wa kumrudishia mkwe. Nikampeleka kwa mkwe Mukuju kupitia mtu, kwa sababu sikuwa na uso wa kwenda.

Jumamosi iliyofuata nikasikia pikipiki kwa jirani, na baada ya muda kile kicheko. Safari hii sikugusa ua. Nilizunguka kwa njia ya mbele, nikapiga hodi.

"Karibu, mzee mwenzangu! Leo umepatikana!" jirani akasema.

Kicheko kilikwisha kukatika. Mkwe wangu alikuwa amesimama, ameshika kiti chake kwa mikono miwili akinipa. Nikakaa, kwa kuwa ningekataa ningemwongezea taabu. Yeye akaenda kusimama kwenye nguzo ya baraza.

"Nilikukosea," nikamwambia, jirani akisikia. "Nilikulazimisha, na walipouliza nikakuacha ubebe peke yako. Nilifanya hivyo kwa wivu. Nilitaka uwe kwangu kama ulivyo hapa."

Jirani akajishughulisha na birika.

"Yameisha, baba," mkwe akasema. "Kondoo alifika."

"Haya, basi kaa na wewe," jirani akasema, akimvutia kigoda. "Chai inapoa."

"Nimeshiba, mzee. Niko sawa hapa."

Alisema kwa upole, wala sikuona kinyongo usoni mwake. Ila mikono ilikuwa nyuma na macho yalikuwa chini, vilevile kama sebuleni kwangu. Jirani alijaribu kutuchekesha kwa habari ya dereva wake aliyesahau lori mpakani. Tulitabasamu, kila mmoja kwa zamu. Nikaelewa kwamba kadiri nitakavyokaa ndivyo atakavyosimama, na kwamba hakuna kampuni ya kuhamia ili jambo hilo libadilike. Mimi ni baba mkwe wake, na tena mimi ni mtu aliyempandisha paani.

Nikainywa chai ikiwa bado moto, ikaniunguza ulimi. Nikaaga, nikasema mke wangu ananingoja. Mkwe alinisindikiza mpaka langoni, akainamisha kichwa, akarudi.

Nilitembea polepole. Siwezi kusema uongo, wivu ulikuwa bado upo, umenikaa kifuani palepale. Kabla sijafika kwangu nikasikia kiti kikivutwa barazani, na kijana wa watu akikaa.