Kipimo cha Mlango wa Tanuru

Siku ile naikumbuka kwa waliokuwapo: Mama Kabwe, aliyekuwa profesa wa chuo kikuu; mama yako Monga, akiwa bado mwanafunzi wake; Kyungu, kitinda mimba wetu; na mimi, niliyekalia kiti cha baba tangu wazazi walipotutoka. Ndiyo maana profesa alikuja mwenyewe nyumbani kwetu Kampemba. Kesi ya yatima hupelekwa kwa mkubwa wao.

Mwanangu, mimi niliacha shule mapema nikaenda kiwandani kuyeyusha shaba, ili Monga asome. Najua tu alichonieleza: mionzi ya eksirei ikipiga metali hutawanyika, na mistari inayotokea huonyesha jinsi chembe zake zilivyojipanga. Katika moto mkali chembe hujipanga upya, na metali iliyokuwa imara inaweza kupasuka. Ikipoa, chembe huweza kurudi zilipokuwa, kama vile hakuna kilichotokea.

Profesa akasema Monga alipewa metali ya mchanganyiko aipime ikiwa motoni. Aliipima baridi, akaandika ilikuwa moto. Nikakasirika, lakini kwanza nilimkasirikia profesa: anakujaje kutuaibisha nyumbani kwetu? Nikamwuliza mdogo wangu kama ni kweli.

"Yaya, courant ilikatika," akajibu, akimaanisha umeme. "Na chuma ni ile ile."

Mama Kabwe hakupandisha sauti. "Muntu iko na homa, unamupima akisha kupona?" Kisha akanigeukia. "Ile chuma batatengeneza nayo mulango ya tanuru yenu."

Mbele ya tanuru hiyo nilisimama kila siku, uso ukiungua, ili yeye akae mbele ya mashine ya maabara. Kyungu, asiyekosa mzaha, akasema basi nichongewe jeneza mapema. Nilimwambia Monga asiniite yaya, mkubwa wake, mpaka apime upya.

Akapima. Umeme ukakatika tena, akaanza tena. Kwenye moto ule chembe zilihama kweli, na mlango ule haukutengenezwa. Hata leo nikikumbuka, damu inachemka.

Sasa nawe unaingia maabara ile ile. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umeme ukikatika, andika umekatika. Cha motoni kipime motoni. Usichokiona usikiandike, kwa sababu nyuma ya mstari wako kuna mtu amesimama na watoto wanamngoja. Mungu aimarishe mkono wako, na jina la babu yako likutangulie.

Lakini siku ile mama yako aliahidi pia kwenda kiwandani kuwaomba radhi wenzangu waliosimama nami pale. Wengine wamezeeka, wengine bado wako kazini. Hadi leo hajaenda.