Hadithi ya Otília iliyouza nyumba ya mama yake

Saa nne na robo asubuhi. Otília Serrano anainua mwavuli wake wa njano juu ya vichwa vya watu ishirini na wawili na kuanza kupanda ngazi za Alfama, mtaa mkongwe wa Lisbon, bila kugeuka nyuma. Ana miaka arobaini na tisa, magoti yote mawili yamefungwa bandeji, na ngazi hizi huzipanda mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki.

"Nikigeuka watadhani nawasubiri," anasema huku akihema. "Ukimsubiri mtalii mmoja, wote wanakaa chini."

Nyuma yake wapo Wajerumani wawili wanaobishana kuhusu kofia, familia ya Wabrazili iliyovaa sare kama kwaya, na bwana mmoja wa Toronto ambaye tayari ameuliza mara mbili choo kiko wapi. Wote wamejiandikisha kwa simu kwa matembezi yasiyo na tiketi. Mwishoni kila mtu hutoa anachotaka. Asiyetaka kutoa hutoweka njiani.

Kampuni inayomletea wageni haishughuliki na nani ametoweka. Kabla ya kuondoka Otília hulazimika kulipiga picha kundi zima na kuituma ofisini, na kwa kila uso unaoonekana pichani hukatwa yuro tatu. Uso huo ukichomoka kabla ya mwisho, hasara ni yake.

"Ndiyo maana sisi tunaogopa katikati," anasema. "Mwanzoni wana hamu, mwishoni wanaona haya. Katikati ndipo wanapopiga kona, eti wanakwenda kunywa kahawa. Basi, umeliwa."

Kila mwongoza wageni wa Lisbon, kwa hiyo, ana kitu chake cha katikati cha kuwashika watu. Mmoja huimba. Mwingine ana binamu anayegawa vipande vya keki bure. Otília ana mlango.

Ni mlango wa kijani uliobanduka rangi, ndani ya kichochoro cha Beco da Nêspera, ambako watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Hapo Otília husimama, hushusha sauti mpaka wa nyuma walazimike kusogea, na kuwapeleka asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote mwaka 1755, siku mji ulipotikiswa na tetemeko, ukaanguka, kisha ukaungua. Huwasimulia habari za mwanamke aitwaye Brázia, aliyekuwa amegombana na mumewe akakataa katakata kwenda misa, akabaki anakanda unga nyuma ya mlango huu. Makanisa yakawaporomokea waumini. Nyumba ya Brázia haikupata hata ufa.

"Na tangu siku hiyo," humalizia, "atakayeugusa mlango huu hatakosa paa juu ya kichwa chake maisha yake yote."

Watu ishirini na wawili wanapanga foleni kuugusa. Yule wa Toronto anaugusa mara mbili, kisha anamwita mkewe naye auguse.

Brázia hakuwahi kuwepo. Otília alimtunga mwenyewe miaka saba iliyopita, jikoni, akimenya viazi. Nyumba ni kuukuu kweli, lakini hakuna anayejua ilijengwa lini.

Anayeishi nyuma ya mlango huo ni mama yake. Dona Deolinda ana miaka themanini na mitatu na aliingia humo akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa. Tarehe thelathini mwezi huu wa Septemba anatakiwa kutoka. Nyumba imeuzwa.

Siku tunapomtembelea, mama huyo ameketi dirishani kama kawaida yake, ameweka mbele chupa ya ginjinha, kileo kitamu cha cheri anachokitengeneza mwenyewe, na safu ya vikombe vidogo. Kikombe ni yuro moja na nusu. Juu ya kichwa chake zimeanikwa nguo, na kikundi cha wapiga picha kimezielekezea kamera.

"Waache," anasema. "Nguo zangu za ndani zimeshafika Japani, mimi sijafika hata Porto."

Biashara ya dirishani ilianza mumewe, Serafim, alipofariki. Alikuwa kuli wa bandarini, mtu wa maneno machache, na pensheni aliyomwachia mjane wake ni yuro mia tatu na themanini kwa mwezi. Kodi ya nyumba ilikuwa mia moja na arobaini. Dawa za moyo zilichukua sehemu nyingine, na kilichobaki hakikufika tarehe ishirini.

"Nilikuwa napita na makundi ya watu njia ya juu, mama yangu yuko hapa chini anahesabu vidonge," anasema Otília. "Nikasema hapana. Nitawapitisha hapa. Lakini uwaambie nini watu wasimame kwenye kichochoro kisicho na kitu? Ndipo nikamtunga Brázia."

Hadithi ilifanya kazi mbili kwa mpigo. Wageni waliacha kutoroka katikati, na wakishagusa mlango walikuwa na kiu. Katika miezi ya joto Dona Deolinda aliuza hadi vikombe sitini kwa siku. Alinunua jokofu. Alitengeneza meno.

Waongozaji wengine walipoona foleni, nao wakaanza kuwaleta watu wao, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Kuna anayesema Brázia alikuwa mjamzito. Kuna anayesema mumewe alikufa kanisani akiwa na mwanamke mwingine.

"Huyo wa mwanamke mwingine nampenda," anasema Dona Deolinda. "Yule mume alistahili."

Matatizo yalikuja Aprili mwaka jana, siku ya Jumapili, yakiwa yamevaa koti la bluu. Katika kundi la watu kumi na wanane alikuwamo kijana wa Kireno aitwaye Lourenço, amemleta mchumba wake wa Kifaransa kuona mji. Otília anamkumbuka vizuri kwa sababu Wareno huwa hawaji kwenye matembezi haya, na kwa sababu aliuliza maswali.

"Akaniuliza, dada, watu wangapi wanakuja hapa kwa siku? Nami kwa majivuno yangu nikamjibu, msimu huu wanafika mia tatu. Akauliza, na nyumba ni ya nani? Nikamwambia ni ya bibi mmoja wa Coimbra ambaye hata hajui ana nini mkononi. Nikacheka. Naye akacheka. Nikamwambia, ingekuwa yangu mimi, ningekuwa tajiri."

Bibi wa Coimbra alikuwa bibi yake Lourenço. Kijana alikuwa akisikia tu kwamba familia ina kibanda mahali fulani Alfama, kinacholeta kodi ya kununulia mboga. Siku hiyo aliugusa mlango kama wenzake, akanywa vikombe viwili dirishani, na mwisho wa safari akampa Otília noti ya yuro ishirini.

"Ishirini," anarudia Otília. Kisha anatukana tusi ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

Bibi alifariki majira ya baridi. Wajukuu wakauza kabla ya Pasaka. Mkataba wa Dona Deolinda, ambao uliandikwa upya kwa jina lake alipofiwa na mumewe, ulikuwa wa miaka mitano, ukaongezwa miwili, na hiyo miwili inaisha mwezi huu. Wakili aliyeusoma aliusoma mara tatu, akavua miwani, akamwambia Otília hakuna pa kushika.

Mnunuzi ni kampuni ya nyumba za wageni. Michoro imeshabandikwa ukutani, imefunikwa kwa plastiki isilowe. Vitakuwa vyumba vinne vya kulala, kila kimoja na bafu lake, na juu ya mlango wa kijani, ambao utabaki vilevile na rangi yake iliyobanduka, litawekwa jina: Nyumba ya Brázia.

"Umeona?" anasema Otília. "Brázia kapata nyumba. Mama yangu kakosa."

Kwenye ngazi ya kichochoro, Armindo, fundi viatu wa miaka sabini, anapiga misumari bila kuinua kichwa. Zamani kichochoro hiki kilikuwa na familia kumi na moja. Zimebaki tatu, na milango mingine yote ina visanduku vya namba ambamo wageni hujichukulia funguo wenyewe.

"Otília!" anaita. "Leo umewaleta wangapi kuja kututazama tunavyohama?"

"Ishirini na wawili, Bwana Armindo."

"Waambie na viatu vyao vinapasuka. Wasiguse milango tu, waguse na kazi yangu."

"Nitawaambia unafanya miujiza."

"Ala! Ukome! Mimi usinitungie kitu. Nina mkataba mpaka mwakani."

Anasema kwa utani, lakini Otília hacheki. Anajua kwamba kichochoro kizima kinajua. Asiyejua kisa cha koti la bluu, anavyoamini yeye, ni mama yake peke yake.

Msomaji atauliza kwa nini hajaacha kuisimulia hadithi hii. Mwandishi naye aliuliza, na hakupendezwa na jinsi swali lilivyosikika.

"Nilijaribu," anajibu. "Julai nilipita moja kwa moja, sikusimama. Watu tisa wakachomoka. Mmoja akaandika kwenye simu kwamba nimemwibia mlango wake, akanipa nyota moja. Ofisi ikanipigia, wanasema Otília, watu wanakuja kwa ajili ya mlango. Sasa nifanyeje? Mimi ndiye niliyewafundisha kuutaka."

Kwa mwezi, akishakatwa, hubaki na yuro kama mia tisa. Yeye mwenyewe amepanga chumba kimoja Barreiro, ng'ambo ya mto, ghorofa ya nne isiyo na lifti. Mama yake hawezi kupanda hata ngazi kumi na mbili.

Baada ya kundi la asubuhi kuagana naye, Otília anarudi Beco da Nêspera na mkate na sadini za kuchoma zilizofungwa kwenye karatasi. Mama na binti wanakula, mmoja ndani ya dirisha na mwingine nje, kwa kuwa chumbani masanduku yameshajaa. Dona Deolinda anamweleza mwandishi habari za nyumba: wapi Serafim alipigilia rafu ya redio, wapi Otília alizaliwa kabla mkunga hajafika.

"Na hapo," anasema, akionyesha kona penye jokofu, "ndipo Brázia alipokuwa akikanda unga wake."

"Mama," anasema Otília.

"Nini? Mama mkwe wangu aliniambia."

"Mama mkwe wako hakukwambia, mama. Nilikwambia mimi."

"Basi hata yeye angeniambia, kama angemjua."

Otília anauweka mkate chini. Anamtazama mwandishi, kisha anaanza kueleza mpango wake, haraka haraka, kama anayetaka kumaliza kabla hajakatizwa. Amepata nyumba ya ghorofa ya chini hukohuko Barreiro, vyumba viwili vidogo, dirisha linatazama barabara ya kwenda kwenye kivuko. Kodi yake ni mia sita na hamsini. Ataongeza matembezi ya tatu kila siku, ya jioni, magoti yakikubali. Tumaini lake ni kwamba mama atakuwa ameingia humo kabla ya tarehe thelathini, na chupa yake itakaa dirishani kama hapa.

"Barreiro nani anapita?" anauliza mama yake.

"Watu wanapita, mama. Wanakwenda kazini."

"Wanaokwenda kazini hawanywi saa tatu asubuhi."

"Basi nitakuletea watalii. Nitawavusha kwa kivuko mara moja kwa wiki. Nitatafuta cha kuwaambia."

Dona Deolinda anafuta vidole vyake kimoja kimoja kwa karatasi ya samaki. Kichochoroni inasikika sauti ya sanduku la magurudumu likigonga kila ngazi. Kijana anayeliburuta anasimama, anasoma namba kwenye simu yake, anaugusa mlango wa kijani, na kuendelea zake.

"Yule mwenye koti la bluu alikuwa na adabu," anasema bibi huyo. "Alinirudishia kikombe mkononi. Aliniuliza nimeishi humu miaka mingapi, nikamwambia. Nikamwambia na kodi ninayolipa."

Otília amefumba macho.

"Huko Barreiro, mwanangu," anasema mama yake, "ukipita na watu wako, usisimame. Usiwaambie kitu. Pita tu, kama hunijui."