Shimo Moja kwa Siku

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani mjini Dodoma kila kitu kipo, mchele, mafuta, khanga za kumwaga. Kijijini Mkonze, kwa bibi Anyesi, debe la nafaka limebaki na vumbi. Na kisa? Uwele wake wa mwisho alikuwa ameupanda wote kwenye udongo mkavu, kama Wagogo wafanyavyo wakinusa mvua, na mvua ikamgeuka. Sisimizi wakaingia shambani, wakabeba mbegu, wakajaza mashimo yao.

Basi asubuhi bibi alipiga magoti, akaomba riziki ya siku ile, kisha akachukua jembe akachimbua shimo moja la sisimizi. Akapepeta udongo kwa ungo, akapata bakuli la uwele. Uji ukaiva.

Mkwewe Devota, ambaye mumewe alikwenda Morogoro kutafuta kibarua akapotelea huko, alikuja juu. "Mama, tuchimbue mashimo yote leo! Loisi anakonda, mwanangu atanifia mikononi!"

"Ya leo tumepata, mama Loisi. Tukila yote, mvua ikija itaotesha nini?"

"Mvua gani? Mungu mwenyewe katusahau!"

"Hajatusahau," bibi alisema. Lakini naye aliogopa, tena sana.

Ikawa hivyo kila siku: shimo moja, bakuli moja. Loisi alipewa kwanza, Devota akafuata. Bibi akiulizwa, hujibu, "Nimeshakula jikoni." Ajabu ya watu wazima! Jikoni kulikuwa na nini cha kula?

Mvua ikaja, jamani, mvua ya kubomoa nyumba za tembe. Siku chache baadaye Devota alitoka shambani mbio huku akipiga vigelegele. Mashimo yaliyobaki yalikuwa yamechipua, miche imesongamana kama nywele za mtoto, ya kung'oa na kupandikiza shamba zima.

"Mama! Njoo uone!"

Bibi hakunyanyuka. Alikuwa kitandani, mifupa mitupu, na Devota alipomshika mkono ndipo akaelewa kile chakula cha jikoni. Alilia kwa aibu na kwa uchungu.

Akakusanya punje zilizosalia kwenye ungo, akakoroga uji, akamwegemeza bibi kifuani pake.

"Kila siku umetuombea sisi riziki. Ya leo ni yako, mama. Fungua mdomo."

Bibi alimtazama, machozi yakamtiririka, akafungua.